Philip Vincent, mutu wa resori za nyuma

Kila mwisho wa mwezi, wakati mishahara inatoka, tunaona moto za mupya mu barabara za Kolwezi, za Likasi na za Lubumbashi. Kiti kingali na nailo yake, tanki inangaa sawa kioo, na mwenyewe anaenda pole pole ili majirani wamuone. Watu wanakuja kuangalia. Wanagusa gidoni, wanauliza bei, wanauliza inakunywa esanse ngapi. Lakini hatujaona bado mutu mwenye anachuchumaa nyuma ili aangalie zile resori mbili zenye ziko pembeni ya gurudumu. Na kumbe njo zile zitabeba bibi, watoto wawili na saki ya unga. Njo zile pia zitaamua kama mugongo wa baba, wenye umekwisha kuchoka na kazi ya mugodi, utafika muzima ku pansio ao hapana.

Leo tunaeleza maisha ya Muingereza mumoja mwenye alianza na ile sehemu ya nyuma, wakati wengine wote walikuwa wanaangalia mbele. Jina lake ni Philip Conrad Vincent. Wale wenye wanapenda moto za zamani wanamujua mu dunia yote, juu moto zake zilikimbia kupita zingine zote za wakati wake. Sisi tutagusa mbio kidogo tu. Mambo yetu iko nyuma.

Wakati Vincent alizaliwa, mu mwaka wa 1908, moto ilikuwa kama kinga yenye kufungwa motere. Mbele iliwekwa resori kidogo. Nyuma, gurudumu ilifungwa ku kadre moja kwa moja, chuma ku chuma. Kitu kimoja tu kilisaidia mwenye kupanda: resori za chini ya kiti, sawa zile za kinga za baba zetu. Kila jiwe la barabara lilipanda mu gurudumu, likaingia mu kadre, likamalizikia mu kiuno cha mutu.

Na shida haikuwa kiuno peke yake. Tuelewane vizuri hapa, juu ni hapa njo maisha yote ya huyu mutu inafungukia. Gurudumu yenye inaruka haigusi barabara. Gurudumu yenye haigusi barabara haisukumi moto, haisimami hata ukifunga freni, na mu kona inaenda kule inapenda yenyewe. Kwa hiyo resori ya nyuma si mambo ya raha. Kazi yake ya kwanza ni kushikilia mupira chini.

Watengenezaji walijua hiyo, na wengine walikuwa wamejaribu. Kampuni Indian ya Marekani iliweka resori za mabamba ku gurudumu ya nyuma tangu 1913. Lakini watu hawakupenda. Waliona kama kadre yenye inacheza ni kadre yenye imelegea, na mara mingi walikuwa na haki: bawaba zilikwisha haraka, gurudumu ikaanza kuinama kandokando, na mu kona moto ikatikisa mukia sawa samaki. Basi wakakata neno kwamba moto ya mwanaume ni ile ngumu.

Wazazi wa Vincent walikuwa na shamba kubwa la ngombe mu Argentina, na kule njo alikomalia utoto wake. Kisha wakamutuma Uingereza kusoma, kwanza ku Harrow, masomo ya watoto wa watajiri, na nyuma ku Cambridge, kwenye alianza kusomea mambo ya mashini. Hatutaficha kwamba alizaliwa mu nyumba ya mafranga. Mutoto wa mufanyakazi hangepata nafasi kama ile. Lakini watoto wengi wa watajiri walikula mafranga ya baba yao bila kuacha kitu. Huyu alikuwa anachora.

Kile alichora, kabla hajafikisha miaka 20, ni hiki. Alikamata sehemu yote ya nyuma ya kadre, akaifanya kuwa pembetatu mbili za vyuma, moja ku kila upande wa gurudumu, zimeunganishwa ziwe kitu kimoja. Kona ya chini ya mbele ilifungwa na bawaba nyuma tu ya sanduku la vitesi, sawa mulango unavyofungwa ku ukuta. Kona ya nyuma ilishika gurudumu. Na kona ya juu, chini ya kiti, ilisukuma resori zenye zimelazwa. Gurudumu ikipanda juu ya jiwe, ile pembetatu yote inazunguka ku bawaba, na kona ya juu inakandamiza resori.

Uzuri wake ni nini? Pembetatu haipindiki. Kamata mbao ine, pigilia misumari, utapata mulango wenye unaweza kulala upande. Ongeza mbao moja ya kukingama, mulango unasimama. Wenye wanaweka miti ya kushikilia udongo ku mugodi wanajua hiyo kupita sisi. Vincent alitoa ugonjwa wa resori za zamani mu mizizi: gurudumu yake ilipanda na kushuka, lakini haikuinama kandokando.

Alijenga moto yake ya kwanza mu 1927, na motere ya Uswisi yenye jina MAG, wakati angali mwanafunzi. Mu 1928 akapata breve, ni kusema karatasi yenye inalinda fikra ya mutu ili wengine wasiiibe. Halafu akaacha masomo ili afanye biashara.

Lakini ni nani atanunua moto ya kijana wa miaka 20 mwenye hajulikane? Baba yake na watu wa jamaa walimushauri atafute jina lenye watu wanalijua. Kulikuwa jina moja lenye lilikuwa linauzishwa: HRD. Lilikuwa la Howard R. Davies, rubani wa vita na mukimbizaji wa moto, mwenye alishinda mashindano makubwa ya Isle of Man mu 1925 akipanda moto ya kiwanda chake mwenyewe. Davies alishinda barabarani, akashindwa mu vitabu vya hesabu. Kiwanda chake kikafungwa. Vincent alinunua jina na vyombo kwa paundi 450, akafungua kiwanda ku Stevenage, muji mudogo wa kaskazini ya London. Ku tanki akaandika HRD kwa herufi kubwa, na Vincent kwa herufi kidogo. Alijua kama jina lake halijaanza kuuza.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya shida. Resori za nyuma zilikuwa nzuri, na wanunuzi waliziogopa. Motere alikuwa anazinunua kwa wengine, kama JAP, Rudge na wengine. Lakini moto moja ilimufanyia matangazo bila yeye kupanga. Kijana mumoja Muingereza, Jack Gill, alikuwa anazunguka dunia na Vincent-HRD yenye kikapu cha pembeni. Kufika Australia, akakutana na enjeniere mumoja wa kule, Phil Irving, mwenye alipanda naye mupaka Uingereza. Irving alikuwa anajua mashini, na mwili wake ulikuwa umeonja ile resori ya nyuma kilometa kwa kilometa, juu ya barabara zenye hazikuwa na goudron. Alifika, akaenda kutafuta kazi ku Stevenage, akaipata. Hatujui ushuhuda mwingine muzuri kupita hiyo: mutu anapita mabara, anashuka, anaomba kazi kwa yule mwenye alitengeneza kitu alichokuwa anakalia.

Vincent na Irving walikuwa sawa mukono wa kuume na wa kushoto. Vincent alitoa fikra, wakati mwingine kumi kwa siku. Irving alizigeuza kuwa vyuma vyenye vinatembea. Mu 1934 walipeleka moto tatu ku Isle of Man na motere za kununua, na zote zikawaharibikia. Wakakata neno la kutengeneza motere yao wenyewe, ya santimetri kibu 500, na mu miezi michache tu ikawa tayari kuonyeshwa ku London. Mu 1936 wakaweka silinda mbili kama hizo ku motere moja, ikawa Rapide ya kwanza, ya 998, yenye ilifika kama kilometa 175 kwa saa. Mabomba ya mafuta yalikuwa mingi pale inje hata watu wakachekelea. Lakini ilikimbia, na kwa sababu gurudumu ya nyuma ilibakia chini, mutu aliweza kutumia ile nguvu.

Sasa tufike ku jambo lenye tunaona ni la maana zaidi mu kazi ya Vincent, na lenye vitabu vya mbio vinapita haraka haraka.

Vincent aliamini kwamba mwenye moto njo mwenye anapashwa kuirekebisha, pale pale barabarani, na mikono yake. Moto zake zilikuwa na vipini vidogo vya chuma ku mapiese kwenye sisi tunatumia kle. Uliweza kutoa gurudumu ya mbele ao ya nyuma bila hata kle moja. Uliweza kukaza shene na vidole. Gurudumu ya nyuma ilikuwa na nafasi ya meno ku kila upande: unaitoa, unaigeuza, unaiweka tena, na umepata meno mingine, ile ya kuvuta muzigo mu milima. Vipandio vya miguu vilisogezwa kufuatana na urefu wa mutu. Kiti cha moto za nyuma ya vita kilishikiwa ku pembetatu ya nyuma na vizuizi vyenye unakaza ao unalegeza kwa mukono. Kila gurudumu ilikuwa na freni mbili, moja ku kila upande.

Moto zetu za leo, zile za Kihindi na za Kichina, haziko hivyo, lakini kitu kimoja zimetuachia, na wengi hawajui kama kiko. Ku kila amortisere ya nyuma, chini ya resori ao juu yake, kuna pete ya chuma yenye ngazi tatu, ine ao tano. Inazungushwa na kle yenye iko sawa ndoano, mara mingi iko mu kamfuko ka vyombo chini ya kiti. Ukipandisha pete ku ngazi ya juu, resori inakandamizwa tangu mwanzo, na moto inasimama juu kidogo. Ukishusha, inakaa chini. Watu wanasema kwamba pete inafanya resori kuwa ngumu. Hapana. Resori ni ile ile. Pete inabadilisha tu mahali inaanzia kazi. Njo maana haiwezi kuponya resori yenye imechoka.

Namna ya kupima ni rahisi, na inaomba watu wawili na metre ya mushonaji. Weka moto ku bekiye ya katikati, gurudumu ya nyuma isiguse chini. Pima kutoka katikati ya gurudumu kupanda mupaka ku alama moja ya kadre. Kisha shusha moto, panda na muzigo wako wa kila siku, na mwenzako apime tena pale pale. Ile tofauti ya vipimo viwili njo kushuka kwa resori. Mafundi wengi wanatafuta ishuke kama sehemu moja mu tatu ya mwendo wake wote: kama gurudumu inaweza kupanda santimetri 9 kwa jumla, basi santimetri 3 hivi ukiisha kukaa. Ikishuka sana, mu shimo itagonga mwisho, resori haina tena kitu cha kutoa, na fimbo yote inaingia mu mugongo. Usiku utaona pia taa inaangaza juu ya miti. Ikikosa kushuka, gurudumu haiwezi kufuata mashimo. Itaruka, na tumerudi ku moto za 1908.

Zungusha pande mbili ku ngazi ile ile. Tumeona moto za manseba zenye kuume iko ku ngazi ya tano na kushoto ku ya pili, juu kle ilipotea katikati ya kazi. Mukono wa nyuma unapindwa kila siku kidogo kidogo, na yule abiria maskini anafikiri ni dereva mwenye kulewa. Na kama amortisere moja inatoka mafuta, badilisha zote mbili.

Shene sasa. Hapa njo watu wanaumia. Gurudumu ya nyuma ikipanda na kushuka, inazunguka ku bawaba, na shene inakazika ao kulegea kufuatana na hiyo. Inakazika kupita zote wakati meno ya motere, bawaba na katikati ya gurudumu viko mu mustari mumoja, ni kusema wakati moto imebeba. Bawaba ikiwa karibu na meno ya motere, tofauti inakuwa kidogo, na njo hivi Vincent aliiweka pale nyuma ya sanduku la vitesi. Ku moto zetu tofauti iko. Ukikaza shene moto ikiwa tupu mupaka ikuwe sawa kamba ya gitare, siku ya muzigo itaomba urefu wenye haina.

Sisi wenyewe tulijifunza hiyo na mafranga yetu. Moto yetu ya kwanza, siku tuliichukua, fundi wa pale kwenye tuliinunua alikaza shene kwa nguvu zote, na sisi tulifurahi, tuliona ni kazi nzuri, haitoi makelele. Juma moja nyuma tulibeba ndugu yetu na mifuko miwili ya semeti. Ku kilima kidogo shene ikakatika, ikakunjamana mu gurudumu, na sisi wote watatu, tuhesabu na semeti, tukajikuta mu mufereji. Hakuna mwenye alikufa. Tangu siku ile tunapima shene na mutu juu ya kiti, na tunaacha ilegee vile kitabu cha moto kinaomba. Ku moto nyingi kidogo ni santimetri mbili ao tatu hivi pale katikati.

Na juu tumegusa moto ya mupya, tuseme yote kabisa. Ile moto unaona mu magazini ilikuja mu sanduku, na kuna mutu alifunga gidoni na gurudumu pale pale, labda akiwa na haraka. Kaza bulo zote wewe mwenyewe mu siku za kwanza, zaidi zile za amortisere na za gurudumu ya nyuma. Vyuma vidogo vya gurudumu vinalegea kisha kilometa mia kadhaa. Vigonge kimoja kimoja na kle, chenye kinalia tofauti na vingine njo kimelegea. Motere nayo inaomba rodaje. Ndani, segma na silinda vinatoka kiwandani na meno madogo yenye jicho haiwezi kuona, na vinapashwa kusuguana mupaka vizoeane. Kilometa 1000 za kwanza, usikamate mwendo mumoja kwa saa nzima, usitoe gazi yote, usibebe watu watatu. Ule unga wa chuma unabakia mu mafuta, njo maana vidanje ya kwanza inakuja mapema, mara mingi kati ya kilometa 500 na 1000. Mutu mwenye anaiacha mupaka 3000 ili achunge franga ananunua motere ingine. Resori pia zinakaa kidogo mu siku zile. Pima tena kisha mwezi moja. Na tafazali mutoe ile nailo ya kiti. Mama mwenye mutoto mugongoni anateleza pale juu.

Turudi ku Stevenage. Wakati wa vita ya pili kiwanda kilitengeneza vitu vya jeshi, na usiku Vincent na Irving walifikiri moto ya kesho. Ilitokea mu 1946, na wenye waliiona waliuliza kadre iko wapi. Haikuwa. Motere yenyewe, nene na ya nguvu, njo ilishika kila kitu: juu yake sanduku la chuma lenye lilikuwa pia tanki ya mafuta ya motere, mbele ile furshi, na nyuma pembetatu ya 1927 imefungwa moja kwa moja ku sanduku la vitesi. Miaka karibu 20 ilikuwa imepita, motere ilikuwa imebadilika kabisa, na ile mistari ya mwanafunzi wa Cambridge ilikuwa ingali pale.

Mu 1948 wakaongeza kitu chenye kilikosa: amortisere ya mafuta katikati ya resori za nyuma. Wengi wanachanganya hivi vitu viwili. Resori inabeba, amortisere inatuliza. Resori peke yake, ukiisha kuigonga, inacheza juu na chini mara mingi sawa mutoto ku kitanda. Ndani ya amortisere kuna mafuta yenye inasukumwa mu vitundu vidogo, na ile kazi ya kupita kwa shida inakula nguvu ya kucheza. Kandamiza nyuma ya moto yako na mikono miwili, achilia: kama inarudi mara moja na kutulia, iko muzima; kama inaruka mara tatu, mafuta imekwisha hata kama resori ni ya mupya.

Mwaka ule ule ilitoka Black Shadow, motere nyeusi, kama kilometa 200 kwa saa, wakati magari mengi hayakufika nusu ya ile. Na mu mwezi wa 9, tarehe 13, ku uwanja wa chumvi wa Bonneville mu Marekani, mutu mumoja Rollie Free alipanda Vincent, akalala kifudifudi, miguu nyuma, amevaa kaputula ya kuogelea tu, juu nguo zake za ngozi zilikuwa zimepasuka na upepo. Alipita kilometa karibu 242 kwa saa. Picha yake inajulikana mu dunia yote. Tunawaomba vijana wasiige, hata rodaje ikiwa imekwisha.

Sasa mu macho ya watu Vincent alikuwa juu. Mu hesabu alikuwa chini. Mu 1947, wakati anajaribu moto yake moja, alianguka na kuumia vibaya ku kichwa. Irving alirudi Australia. Mu 1949 wadai waliingia kiwandani, na mutu wa kusimamia mali akawekwa. Mwaka ule njo waliondoa herufi HRD ku tanki, juu Wamarekani walizichanganya na Harley-Davidson. Likabakia jina Vincent peke yake, kubwa. Alikuwa amelingojea miaka 21.

Kwa nini kampuni haikupata faida? Vile vitu vyote vya kurekebisha kwa mukono, zile freni ine, zile vyuma visivyoshika kutu, vilikuwa bei. Mufanyakazi wa Uingereza wa siku zile hakuweza kununua Vincent. Alinunua moto ndogo, na mwenye mafranga alianza kununua gari. Hapa tunapashwa kumuhukumu kidogo. Vincent alitengeneza moto yenye mufanyakazi angeweza kuichunga yeye mwenyewe bila garaje, halafu akaiuzisha bei ya watajiri, wenye walikuwa na mutu wa kuwachungia. Alijaribu kuokoa kiwanda na mambo mingine: motere kidogo za kufunga ku baiskeli, moto ndogo za NSU za Ujeremani, na moto zenye kufunikwa yote na plastiki ili mupandaji asichafuke. Zile zenye kufunikwa hazikupendwa. Mwisho wa 1955 Vincent ya mwisho ilitoka kiwandani. Tangu mwisho wa vita walikuwa wametengeneza kama 11 000 tu.

Viwanda vingine wakati ule vilikuwa vimekwisha kuweka resori nyuma, kila mumoja kwa njia yake, wengi na amortisere mbili za kusimama pembeni ya gurudumu, zile tungali tunaona leo ku moto zetu. Moto ngumu zikaanza kupotea. Kisha, mu miaka ya 1970, Mubelgiji mumoja wa Liège, enjeniere Lucien Tilkens, akatengenezea moto za mashindano ya mu matope pembetatu ya nyuma yenye inasukuma amortisere moja ndefu chini ya tanki. Yamaha waliinunua, na mu 1973 Håkan Andersson akakuwa nayo bingwa wa dunia. Gazeti za wakati ule ziliandika kwamba ni kitu cha mupya. Wazee wenye walikuwa na Vincent mu garaje walienda kutoa kiti na kuangalia chini yake.

Vincent alikuwa angali muzima wakati ule. Kisha kiwanda kufungwa aliendelea kuchora motere mpaka uzee wake. Hakuwa tajiri tena. Shamba la Argentina na mafranga ya jamaa vilikuwa vimekwisha kitambo. Alikufa mu mwezi wa tatu wa 1979, kisha tu kufikisha miaka 71. Wenye moto zake, wenye walikuwa wameanzisha klabu yao tangu 1948, waliunda kampuni yao ya kutengeneza mapiese. Vincent nyingi zingali zinatembea, na wenyewe wangali wanakaza shene na vidole.